Kiganja cha Baba na Breki ya Rili

Mezani pangu hapa Shimoni pana kopo la maziwa ya unga lililojaa vyuma. Mna gia zilizong'oka meno, beringi zilizoganda kwa chumvi, springi zilizolegea, na kipande cha mkono wa rili kilichokatika kama muwa. Kila kimoja nakijua kilitoka boti gani na kilivunjwa na samaki gani. Mara nyingi samaki ni mmoja: kolekole.

Kaskazi ilipoanza kuvuma, mpwa wangu aliyeko Maskati alinitumia ujumbe wa sauti. "Mjomba, shikamoo. Jamaa wa kazini wananichukua Dhofar kuvua kolekole kwa chambo cha kurusha. Wameniambia nije na rili yangu. Dukani nimeona za riali thelathini, nimeona na za riali mia tano. Kwa macho sioni tofauti. Ninunue ipi?"

Nilimjibu kwa sauti vilevile, na nilipomaliza nikakuta nimetuma jumbe kumi na moja. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine yaliyonijia baadaye nikiwa kazini.

Baba yangu hakuwahi kumiliki rili. Alivua kwa mshipi, na breki yake ilikuwa kiganja. Samaki mzito akikimbia, mzee aliuachia mshipi upite kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akiubana na kuulegeza kwa kipimo alichokijua mwenyewe. Vidoleni alivaa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, na uzi ukianza kuunguza alimwambia ami yangu aumwagie maji. Pamoja na tahadhari yote hiyo, alikwenda kaburini na mstari mweupe uliokatiza kiganja cha kulia, alama ya jodari mmoja aliyemkata mpaka nyama. Nimetengeneza rili zaidi ya miaka thelathini, na kila nikifungua breki nakiona kiganja kile.

Mimi nilianza na baiskeli, Ukunda. Mwaka 1989 nahodha mmoja aliniletea rili iliyokwama. "Fundi," akasema, "wewe si unafungua friwili? Basi hii nayo ni friwili." Nilipoifungua niliona hakukosea sana. Ndani mlikuwa na kijino kinachodaka gurudumu la meno, kikiruhusu kwenda mbele na kukataza kurudi nyuma, kama ilivyo kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli yoyote. Miaka mingi baadaye nikajua kwamba udugu huo una historia. Kampuni ya Shimano ilianzishwa mwaka 1921 mjini Sakai, Japani, na kitu chake cha kwanza kutengeneza kilikuwa friwili ya baiskeli. Mwaka huohuo, huko Svängsta, Uswidi, kilianza kiwanda cha saa ambacho baadaye kilipata sifa duniani kwa rili za Abu. Baiskeli na saa, ndio wazee wa kazi hii. Nguvu ya mmoja na usahihi wa mwingine, na rili ya samaki mkubwa inavitaka vyote viwili.

Pwani yetu tumezoea njia mbili za kumfuata samaki mkubwa. Moja ni mshipi wa mkono. Nyingine ni kurambaza, boti ikitembea na chambo kikivutwa nyuma, na zile rili nene za ngoma zimesimamishwa kwenye vishikio vyake. Hizo ndizo za sulisuli na jodari. Za kwanza nilizoziona utotoni zilikuwa za Penn, kampuni iliyoanza Philadelphia, Marekani, mwaka 1932, na zilikuwa kwenye boti za wageni. Katika kurambaza, rili hukaa kimya saa nzima ikimngoja samaki.

Kurusha ni habari nyingine. Boti husimamishwa karibu na ukingo wa mwamba, pale maji ya bamvua yanapopita kwa nguvu, na mvuvi husimama omo akirusha kipande cha mti kilichochongwa kama samaki na kupakwa rangi, chenye ndoana mbili nene. Uzito wake ni gramu 100 hadi 200. Mbele kina mdomo mpana uliochimbwa, na ukikivuta kwa ghafla kinabugia maji na kutoa mshindo mzito. Kolekole aliye chini husikia kama kuna mnyonge anahangaika juu. Chambo hicho wavuvi wake hukiita popa.

Piga hesabu ya siku moja. Mvuvi mwenye bidii hurusha mara 150. Kila mtupo ukifika mita 50, kuna kilomita saba na nusu za uzi wa kurudishwa. Rili kubwa hurudisha kama mita moja na robo kwa kila mzunguko wa mkono, kwa hiyo mkono huo umezungushwa mara 6,000, na mizunguko mingi imefanyika popa ikiwa imeng'ang'ania maji. Samaki bado hajaja.

Kisha anakuja. Kolekole ninayemzungumzia ni yule mkubwa wa jamii yake, wataalamu humwita Caranx ignobilis: paji limesimama kama ukuta, kifua kipana, mkia umepasuka kama mundu. Rekodi ya dunia iliyoandikishwa ni kilo 72.8, samaki aliyevuliwa visiwa vya Tokara, Japani, mwaka 2006. Kwetu wa kilo thelathini anatosha kumkalisha kitako mtu mzima. Ukubwa wake hata hivyo haunitii hofu kama tabia yake. Jodari akinasa hukimbilia bahari kuu, unaweza kumwachia mita mia tatu akajichokea. Kolekole hukimbilia mwambani. Ukimwachia mita ishirini ameshafika kwake, na uzi unasuguliwa kwenye matumbawe mpaka ukatike. Ndiyo maana mvuvi wa kurusha hufunga breki kilo kumi, kumi na mbili, wengine kumi na tano, na kuanzia sekunde ya kwanza havumilii. Vita vyote vinapiganwa ndani ya rili.

Rili nyingi zilizokuja kufia mezani pangu hazikuwa mbovu zilipotengenezwa. Zilitengenezwa kwa ajili ya uzi wa nailoni. Nailoni inavutika kama mpira. Samaki akipiga kichwa, uzi wenyewe unameza pigo kabla halijafika kwenye gia. Siku hizi wote wanatumia uzi wa kusuka, mwembamba, wenye nguvu ajabu, ambao hauvutiki kiasi cha kuonekana kwa jicho. Kila pigo la kichwa linafika moja kwa moja kwenye meno. Mpwa wangu alitaka kujua kama ile rili ya zamani ya marehemu babu yake wa upande wa baba itafaa ikipakwa grisi mpya. Nilimwambia aitunze kama kumbukumbu.

Basi ukishika rili dukani, anza na mwili. Wenye duka watakuambia idadi ya beringi: kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Idadi hiyo haina maana kubwa. Beringi nne nzuri zikikaa mahali pake ndani ya mwili usiopinda zitaishi kuliko kumi na nne ndani ya mwili wa plastiki. Gia ni meno yanayoumana, na yanaumana vizuri pale tu nafasi kati yake haibadiliki. Mwili ukinyumbuka chini ya mzigo, meno yanasogea mbali kidogo, ncha zinashikana na ncha, na utasikia sauti ninayoichukia kuliko zote: tak, tak, tak. Meno yanaruka. Ukiisikia mara moja, rili imeshapata ugonjwa usioponyeka kwa grisi.

Nilifundishwa kipimo hiki na uzoefu, na nimewafundisha manahodha wengi. Shika mguu wa rili kwa mkono mmoja, ule upande unaofungwa kwenye fimbo. Kwa mkono mwingine zungusha, huku mwenzako ameubana uzi kwa kitambaa na kuuvuta kwa nguvu. Tazama kwa ubavu. Sehemu inayozunguka isiegemee wala kusogelea mwili. Halafu acha kuzungusha, utikise mkono wa rili mbele na nyuma. Ikicheza sana ikiwa mpya, baada ya msimu mmoja itacheza ngoma. Mwisho ipime uzito mkononi. Rili ya alumini yenye ukubwa huu ina gramu 600 hadi karibu 900. Kijana mmoja wa boti aliniletea rili aliyouziwa kwa maelezo kwamba ni chuma kitupu. Nilikwaruza ndani ya mguu kwa ncha ya bisibisi, rangi ya fedha ikatoka kama ganda la kitunguu, chini yake plastiki nyeusi. Alikuwa amekusanya pesa hiyo kwa miezi minne. Alikaa kwenye benchi langu kimya, na mimi sikuwa na neno la kumpa.

Gia kubwa ndiyo moyo. Iwe pana, meno yake yawe manene, na isiwe ya yale madini laini ya kumiminwa ambayo ukiyakwaruza yanaacha unga wa kijivu. Alumini ngumu iliyofuliwa kwa kugandamizwa ni nzuri, shaba nzuri ni nzuri pia japo ni nzito. Huwezi kuona haya bila kuifungua, najua, na dukani hawakuruhusu. Lakini mchoro wa sehemu za ndani upo kwa kila rili ya kampuni inayojiheshimu, na sehemu zinauzwa moja moja. Kampuni isiyouza gia ya akiba inakuambia waziwazi kwamba haikutarajia rili yake ifunguliwe.

Suala la mwendo wa gia nitalipita haraka. Kuna rili zinazouzungusha uzi mara nne na kitu kwa kila mzunguko wa mkono, kuna za tano na nusu, kuna za zaidi ya sita. Kwa popa na kolekole, karibu na tano na nusu hadi sita inatosha: unaweza kumkusanyia uzi samaki anayekujia mbio, na bado mkono wako una nguvu anapokataa.

Nirudi kwenye kiganja cha baba, maana hapa ndipo pesa yako inapokwenda au kupotea.

Breki ya rili ni washa kadhaa nyembamba zilizopangwa moja juu ya nyingine, zikibanwa na kitufe unachokikaza. Samaki akivuta kuliko kipimo ulichoweka, washa zinateleza na uzi unatoka. Kuteleza huko kunazaa joto. Tuseme kolekole amenasa penye maji marefu akachukua mita 100, na breki yako ni kilo 12. Joto linalozaliwa linatosha kuchukua finjani ya maji ya kawaida na kuyafanya ya moto hata mdomo usiyaweze. Na hapa hakuna finjani. Joto lote limeingia kwenye vipande vya kaboni vyembamba kama karatasi ngumu, kwa sekunde kumi au kumi na tano, ndani ya spuli iliyofungwa, ile ngoma inayobeba uzi. Baba alikuwa na ami wa kumwagia maji, rili haina.

Kwa hiyo usidanganywe na namba ya kilo iliyoandikwa kwenye boksi. Breki inaweza kufungwa mpaka kilo 25 na ikawa mbaya. Ninachokitafuta ni ulaini wake inapoanza. Breki mbaya inang'ang'ania, kisha inaachia ghafla, inang'ang'ania tena, na kila mng'ang'anio ni pigo juu ya fundo lako. Nina mizani ya springi ya kupimia nyama, imetundikwa ukutani. Nafunga uzi kwenye ndoano yake, mtu anarudi nyuma na fimbo polepole, nami natazama mshale. Ukipanda mpaka kumi na kutulia hapo huku uzi unatoka, breki ni njema. Ukirukaruka kati ya saba na kumi na tatu, naifungua. Washa za kaboni zilizopakwa grisi yake kidogo hutulia. Zile za sufi iliyogandamizwa zinafaa kwa samaki wadogo. Kwa kolekole zinakauka na kuungua, na ukiinusa spuli utajua.

Na kuna jambo wavuvi wengi hawalijui mpaka limewagharimu. Uzi ukitoka, duara la uzi uliobaki kwenye spuli linapungua, na breki ileile uliyoiweka inakuwa nzito zaidi bila wewe kuigusa. Duara likibaki nusu ya lilivyokuwa, kilo kumi zimekuwa ishirini. Mtu anapoona uzi unaisha huingiwa na hofu na kukaza kitufe, na hapo ndipo kila kitu hukatika. Spuli pana, isiyo ya kina, inapunguza hatari hiyo, na ndiyo sababu rili za kazi hii zina vichwa vikubwa. Jaza mita 300 za uzi mnene, ukiuzungusha kwa kuukaza kweli, na tabaka la kwanza liwe la nailoni au liwe na utepe chini yake. Uzi wa kusuka unateleza. Usiposhikwa chini, unazunguka wote juu ya spuli kama pete iliyolegea kidoleni, na wewe unadhani breki imekufa.

Sasa niseme jambo ambalo bado linaniuma.

Rili za siku hizi zimeacha kile kijino cha friwili, au zimekifanya cha akiba. Badala yake kuna pete yenye vijiti vidogo vya chuma, mfano wa punje za mchele, vinavyosukumwa na springi laini. Ukizungusha mbele vinalegea, ukirudi nyuma vinajikaba mara moja, bila hata nafasi ya unywele. Ni kitu kizuri sana. Kinachohitaji ni mafuta mepesi, tone moja au mawili. Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijakielewa, nilipokea rili ya boti moja niisafishe kabla ya safari, na kwa kutaka kuilinda dhidi ya chumvi nikaijaza pete ile grisi nzito. Alfajiri ile kulikuwa na baridi ya mvua. Grisi iliganda, vijiti vikashindwa kujikaba. Kolekole alipopiga, mkono wa rili ulirudi nyuma kama pangaboi na kumgonga kijana aliyekuwa ameishika. Kidole chake cha kati kilivunjika. Nililipa matibabu na nikakaa naye siku mbili, lakini kidole hakikunyooka tena sawasawa, na kila tukikutana gatini nakitazama kabla ya kumtazama usoni.

Toka siku hiyo, rili yoyote ya samaki mzito nikiulizwa, natafuta ile yenye kinga mbili: pete ya vijiti, na nyuma yake kijino cha chuma cha akiba. Na grisi naiweka kwenye gia, kamwe si kwenye pete.

Sehemu nyingine nitazitaja kwa ufupi. Mkono wa rili uwe ule unaoingia kwa hesi na kukaza moja kwa moja kwenye gia, usiwe wa kupenyezwa na kushikiliwa na skrubu upande wa pili. Wa pili ndio huo uliokatika kama muwa. Kishikio chake kiwe tufe au umbo la yai linalojaza kiganja. Ile waya inayofungwa na kufunguliwa kabla ya kurusha iwe ngumu kidogo kufunga kwa mkono, maana ikijifunga yenyewe katikati ya mtupo, popa inakatika na kwenda zake pamoja na shilingi zako elfu kadhaa. Na kile kigurudumu kidogo ambacho uzi unapita juu yake, kwenye pembe ya waya, ndicho kinachokufa mwanzo kuliko vyote. Kina beringi ndogo isiyofika hata ukubwa wa kitufe cha shati, iko nje, inanyweshwa maji ya bahari mchana kutwa. Ikikwama, uzi unakatwa kama kwa kisu. Nunua beringi mbili za akiba pamoja na rili, nilimwambia mpwa wangu, utanishukuru.

Suala la maji lina mabishano marefu kati ya mafundi. Kuna rili zilizozibwa kwa sili za mpira kila upande. Van Staal za Marekani zilijipatia jina kwa wavuvi wanaosimama ndani ya mawimbi. Daiwa nao, kwenye baadhi ya rili zao, hutumia mafuta ya sumaku yanayokaa kama ukuta mwembamba wa kuzuia maji. Ni akili kubwa, lakini fundi asiyejua akiyaosha mafuta hayo kwa mafuta ya taa ameuvunja ukuta wenyewe. Mimi nina msimamo wangu. Chumvi itaingia. Itaingia leo au baada ya misimu mitatu, na rili iliyozibwa sana huificha mpaka siku gia inapolia. Nachagua rili iliyozibwa kiasi na inayofunguka kwa bisibisi na spana ya kawaida, ambayo mtu wa Shimoni, Mafia au Dhofar anaweza kuifungua usiku mezani kwake. Wenzangu wa Mombasa hawakubaliani nami, nao ni mafundi wazuri.

Wanaovua sangara kwa chambo cha kurusha, kule chini ya maporomoko ya Murchison kwenye mto Naili, Uganda, wamepewa afueni ya chumvi. Uzito hawakupunguziwa: rekodi ya sangara ni kilo 104.32, aliyevuliwa Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Mwili na gia viwe vilevile nilivyosema. Sili wanaweza kuzisahau kidogo, lakini mchanga wasiusahau.

Bei, basi. Rili za juu za Kijapani, Stella ya Shimano na Saltiga ya Daiwa, zinapita dola 1,000. Nimezifungua, na nasema kwa moyo mmoja kwamba zimetengenezwa kwa uaminifu. Gia zake zinakaa kama meno ya mtoto. Kwa nahodha anayepeleka wavuvi siku mia kwa mwaka, inalipa. Kwa mtu anayekwenda siku kumi kwa mwaka kama mpwa wangu, Saragosa ya Shimano au Slammer ya Penn, za kiasi cha robo hadi theluthi ya bei hiyo, zinabeba kazi ikiwa utachagua ukubwa unaostahili na kuzitunza. Zile za riali thelathini ziache. Si kwamba kila rahisi ni mbovu. Kwa changu na tewa wadogo zitakufaa miaka. Kwa kolekole utanunua tatu, na samaki utampoteza kwenye zote tatu.

Samaki anayepotea na popa mdomoni hanifurahishi hata kidogo. Wageni wengi siku hizi humrudisha kolekole majini baada ya kumpata, na mimi, mtoto wa mvuvi niliyelelewa kwa kitoweo hichohicho, nimekuja kuwaelewa. Wakubwa ni wachache. Rili yenye nguvu inamaliza vita kwa dakika chache, na samaki aliyepambana dakika chache ana pumzi ya kurudi kwake. Rili dhaifu humchosha nusu saa, kisha uzi unakatika, naye anazama na chuma kinywani. Ukinunua, mfikirie na huyo.

Na ukinunua, ilinde. Usimwinue samaki kwa kuzungusha rili kama ndoo kisimani. Inua kwa fimbo, kisha shusha fimbo huku unakusanya uzi. Gia itakushukuru. Ukirudi gatini, kaza breki ili maji yasipenye kwenye washa, ipitishie maji baridi yasiyo na chumvi, ya kudondoka taratibu kama ya birika. Bomba la nguvu linasukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Ifute, ilegeze breki, iache kivulini ipigwe na upepo. Mwisho wa msimu ifungue yote.

Hapo ndipo mpwa wangu aliponikatiza. "Niifungue mimi mwenyewe, mjomba?"

"Wewe mwenyewe. Hata kabla hujaivulia. Tandika taulo jeupe, kila unachotoa kiweke kwa mpangilio kutoka kushoto, na ukipige picha."

Alinunua ya katikati, ya riali mia na kidogo. Wiki iliyofuata, saa tano usiku, simu ililia. Ilikuwa picha: taulo jeupe juu ya meza ya jikoni Maskati, vipande arobaini na kitu vimepangwa kwa safu, na kando kikombe cha chai kilichosahauliwa. Kisha sauti yake, ya chini, kama mtu asiyetaka kuamsha walio chumbani.

"Mjomba, hii washa ya mwisho ya breki. Ina upande laini na upande wenye mikwaruzo. Upi unatazama juu?"

Nikawasha taa, nikatafuta miwani, nikamwambia ailete simu karibu.